Mwalimu Aliyetuonyesha Maji Yanakopita

Alikuwa akinusa kila kitu. Ukimpa kikombe cha chai alikinusa kwanza. Ukimpelekea daftari la kusahihishwa alilifungua karibu na uso, akakuangalia, akasema, "Nyumbani kwenu mnapikia kuni mbichi." Darasani alitufundisha kwamba kemikali hainuswi kwa kuinamia chupa; unapunga hewa kwa kiganja, taratibu, harufu ikujie yenyewe. Nje ya maabara sheria hiyo hakuifuata hata kidogo. Nimemwona akitumbukiza uso mzima kwenye gunia la maharage dukani, mwenye duka amesimama na kipimo mkononi, hajui aseme nini.

Tulimwita Mwalimu. Shule yetu ya wasichana pale Kibosho ilikuwa na walimu wengi, na kila mmoja aliongezewa somo lake: Mwalimu wa Hesabu, Mwalimu wa Historia. Yeye alifundisha kemia, lakini ukisema Mwalimu ukanyamaza, kila mtu alijua ni nani.

Nyumbani kwa mume wake walikuwa na jina lingine. Walimwita "yule wa Mwika," ingawa alikuwa ameishi pale miaka mingi na watoto wake wote walizaliwa pale. Mwika na Kibosho ni mlima mmoja, kahawa ileile na migomba ileile, ila Kichagga cha huku si cha kule, na mama mkwe wake aliitumia tofauti hiyo vizuri. Bibi huyo alikuwa mwembamba, mnyoofu, hana haraka. Alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho wa sentensi, kisha akawageukia wajukuu na kuwauliza, "Mama yenu anasemaje?" Baada ya miaka kadhaa ya kutafsiriwa na watoto wake mwenyewe, Mwalimu akaacha. Akawa anazungumza Kiswahili na ukoo mzima. Hapo wakasema anaringa, anazungumza na watu kama yuko ofisini.

Mambo yake mengi hayakukaa pamoja vizuri. Alizaliwa Mlutheri, akawa Mkatoliki alipoolewa, na Jumapili alikuwa akipiga magoti kama wengine wote. Lakini alipokuwa akiosha chupa za maabara aliimba nyimbo za kwao, kwa sauti nzito isiyofanana na umbo lake. Sista mkuu wa shule alikuwa akipita dirishani akiharakisha hatua, ili asije akalazimika kusema kwamba amesikia. Mwalimu alituhimiza kuchemsha maji ya kunywa mpaka tukachoka kumsikia, na bado nimemwona mwenyewe, tukitoka mtoni kuchota mchanga, akiinama kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaopita mashambani, akanywa kwa kiganja kama mchungaji. Felista, rafiki yangu, alimwuliza, "Mwalimu, na wewe?"

"Nina kiu," akajibu, akaendelea kutembea.

Hakuwa mpole. Sitaki nimfanye mpole kwa sababu tu mambo yalimwendea vibaya. Hakusifu mtu. Ukifanya jambo zuri kupita kiasi alisema "sawa," na tulikuwa tukihesabiana hizo "sawa" bwenini kama wengine wanavyohesabiana barua. Ukimwambia "nadhani," alikukatiza: "Sijakuuliza unadhani nini. Umeona nini?" Wapo wasichana waliolia kwa ajili ya swali hilo. Mimi mmojawapo.

Na mwanamke huyu aliyewatetemesha wasichana wakubwa wa kidato cha nne aliogopa ng'ombe. Kwetu mke ndiye anayekata majani ya ng'ombe na kumlisha. Ni kazi inayojulikana ni ya nani. Kwake kazi hiyo aliifanya mume. Asubuhi ungemkuta ametwika mzigo wa majani na vigogo vya migomba kichwani, kofia imeshikwa mkononi, na wanaume wenzake wakimtania njia nzima. Hakuwajibu. Alicheka nao, akaingia kwa ng'ombe wake.

Huyo mume ni lazima nimweleze. Alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha kahawa pale kijijini. Tulipokuwa watoto hiyo ilikuwa kazi ya maana. Wakati wa msimu foleni ya magunia ilifika barabarani, na yeye ndiye aliyeshika funguo. Kisha soko likaachiwa huru, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao madogo, wananunua kahawa mlangoni kwa mtu na kulipa papo hapo. Chama kikabaki bila kahawa. Yeye hakuachishwa kazi, alisahauliwa tu. Kila asubuhi, baada ya kulisha ng'ombe, alikwenda kufungua ghala, akalifagia, akakaa kwenye kiti mlangoni, jioni akafunga. Mle ndani kulikuwa na mizani na mapipa ya dawa ya kunyunyizia kahawa, iliyoletwa zamani ikapitwa na wakati, mapipa yameanza kula kutu.

Kisha viongozi wa chama wakapata mpangaji, mnunuzi binafsi aliyetaka kulikodi ghala. Wakamwambia mtunza ghala asafishe. Alipouliza mapipa ayapeleke wapi, wakamwambia, "Wewe safisha tu." Akachimba shimo nyuma ya ghala, akayafukia. Mapipa mengine yalikuwa yamekwisha kutoboka, aliyabiringisha hivyohivyo. Ghala lilikuwa juu, kwenye mteremko. Chini yake ni kahawa, kisha migomba, kisha chemchemi ambayo ukoo wake na majirani wote walikunywa tangu enzi na enzi.

Hayo yote sisi wanafunzi hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba mwaka ule, tukiwa kidato cha tatu, Sista alitangaza mashindano ya sayansi ya shule za mkoa, yatafanyika Moshi mjini, na kwamba Mwalimu ametuchagua mimi na Felista. Tulitegemea sabuni. Shule nyingine zote zilitengeneza sabuni.

"Tutatengeneza ardhi," Mwalimu akasema.

Tulitengeneza ardhi kweli. Alipata vioo vya madirisha yaliyobomolewa parokiani, akamwomba fundi avikate, tukaviunganisha kwa gundi kuwa sanduku refu, jembamba, la kuonekana ndani kutoka ubavuni. Lilivuja. Tukaligundisha upya, likavuja kona nyingine. Mchanga tuliuchota mtoni na kuuosha mpaka maji yakatoka meupe, na tulipodhani tumemaliza alitia mkono, akanusa kiganja, akasema, "Bado una matope." Chini kabisa tuliweka udongo wa mfinyanzi tulioukanda kwa mikono, umepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kama mlima wenyewe. Juu yake kokoto, kisha mchanga, kisha udongo wetu mwekundu, na Felista akapanda majani mafupi juu ili pawe shamba. Upande wa chini tulitoboa, tukatia mrija mwembamba. Hiyo ilikuwa chemchemi. Mvua ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa msumari.

Tulipomwagilia mara ya kwanza, hapakutokea kitu. Maji yaliingia ardhini yakapotea. Tulisubiri, Felista akaanza kukata tamaa, kisha tone moja likatokea kwenye mrija, na lingine, halafu mkondo mwembamba kama uzi, maji safi kabisa. Tulipiga kelele mpaka Sista akaja kutazama. Mwalimu akasema, "Sawa."

Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa somo lenyewe. Tulichimba kishimo upande wa juu, tukatia dawa ya GV, ile ya zambarau wanayopaka watoto wenye vidonda mdomoni. Tukanyesha mvua. Kupitia kioo tuliiona zambarau ikishuka ndani ya mchanga, ikagota kwenye mfinyanzi, ikageuka, ikaanza kulala kuelekea chini. Ilikwenda polepole. Juu, majani ya Felista yalikuwa mabichi, huwezi kujua chochote. Kisha mrija ukatoa maji ya zambarau.

Mwalimu alitoka nje. Aliporudi alisema, "Mwageni. Hamisheni shimo."

Tukaosha mchanga wote upya, tukachimba shimo mbali zaidi. Zambarau ikachelewa, ikafika. Siku nyingine akataka shimo liwe fupi. Ikafika. Akataka tulizungushie mfinyanzi kama chungu. Ilikaa muda mrefu, tukadhani tumeshinda, kisha ikapata ufa. Alitaka shimo likae pembeni kabisa mwa sanduku, na huko nako dawa ilikata kona ikaufuata mrija. Majuma yalipita hivyo. Vidole vyetu vikawa vya zambarau, wenzetu wakatucheka mezani.

Siku moja Felista akachoka. "Mwalimu, tumeshaelewa sasa."

"Mimi bado," akasema. Alikuwa ameinama, uso karibu na kioo, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Jaribuni pale. Pale katikati. Tafadhali."

Hatukuwahi kumsikia akituambia tafadhali. Tulijaribu pale.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi mkubwa mjini, una mwangwi, na sabuni zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Jaji mmoja, bwana mwenye suti ya kijivu na tabasamu la kuwapenda watoto, alitazama zambarau ikisafiri, akafurahi kweli. Akauliza, "Na shimo hili ni la choo, sio?"

Felista alifungua mdomo kusema ndiyo. Mwalimu, ambaye hakuruhusiwa kutusaidia, akasema nyuma yetu, "Ni shimo lolote."

Tulipata nafasi ya pili. Waliotushinda walikuwa wavulana wenye jiko la pumba za mpunga. Sisi tulipewa saa ya ukutani na kamusi, tukarudi nyuma ya pikapu tumelikumbatia sanduku letu lisipasuke kwenye mashimo ya barabara ya Kibosho, tukiimba. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Sikumbuki kama aligeuka kututazama hata mara moja.

Mengine alinisimulia baadaye sana, nilipokuwa mtu mzima nikimtembelea. Hakuyasimulia yote kwa siku moja, wala kwa kufuatana.

Alikuwa ameanza kunusa maji kwenye mvua za masika za kwanza baada ya ghala kusafishwa. Harufu ndogo sana, ya asubuhi tu, kama chumba kilichofungwa. Aliwauliza majirani, hakuna aliyeisikia. Walimwambia pua yake ni ya Mwika. Akaanza kuwachotea watoto wake maji kwenye chemchemi nyingine, mbali, ya ukoo mwingine, akipita na ndoo mbele ya macho ya watu. Mama mkwe akauliza, kupitia kwa wajukuu kama kawaida, kama maji ya babu yao yamekuwa sumu.

Mume wake alimwona akirudi na ndoo zile jioni moja, akamsaidia kutua, akakaa chini jikoni akamweleza habari ya mapipa. Alilia. Akamwomba anyamaze mpaka mvua ziishe, labda dawa itabaki ilipo, labda udongo utaishika. Alisema ukoo wake utamwua. Hakuwa na maana ya panga.

"Nikanyamaza," Mwalimu aliniambia. "Ndiyo maana nilitaka lile sanduku. Sikulitaka kwa ajili yenu. Nilitaka kumpatia mahali. Nilisema, katika mlima mzima hapatakosekana mahali pamoja ambapo mtu anaweza kuchimba shimo, na lisifike."

"Na pale katikati?"

"Hata katikati."

Aliporudi kutoka kwenye mashindano, habari za nafasi ya pili zilikuwa zimemtangulia. Alimkuta mama mkwe wake mlangoni. Bibi alikuwa amepika chai ya maziwa na kuandaa ndizi za kuchoma, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Alimwambia kwa Kiswahili, maneno ameyatafuta, "Umetuletea heshima." Wakakaa pamoja. Chai ilikuwa ya maji ya chemchemi. Mwalimu aliijua kwa mvuke wake. Alikunywa kikombe chake. Alimtazama mama mkwe akinywa cha kwake mpaka mwisho, akipangusa mdomo kwa upindo wa kanga, akijimiminia kingine.

Sista alikuwa amemwomba Mwalimu mara nyingi sanduku lionyeshwe kwa wazazi, na kila mara alikataa. Siku iliyofuata alikubali.

Onyesho lilikuwa Jumapili baada ya misa, uwanjani mwa shule. Watu walikuja wengi, wamevaa vizuri, ukoo wa mume wake umekaa viti vya mbele kwa sababu ya ile heshima. Mimi na Felista tulikuwa tumejiandaa kusema. Alituambia tukae. Alinyesha mvua mwenyewe, akasubiri maji meupe yatoke, akawapa watoto wayaguse. Kisha akachukua GV, akaimimina kwenye shimo la juu, na akasema kwamba kitu kinachofukiwa hakikai kilipofukiwa, kinatembea na maji, na aliye chini atakinywa kabla hajakiona. Watu walikuwa wakisogea karibu, wananong'ona wakiona rangi ikishuka. Ilipotokea kwenye mrija, wapo waliopiga makofi.

Mama mkwe wake hakupiga. Alikuwa amekiangalia kile kimlima cha kioo, mteremko wake, majani ya juu, mrija wa chini, na nadhani alikuwa ameanza kupatambua. Akauliza kwa Kichagga chao, na safari hii alimwuliza yeye mwenyewe, "Hilo shimo ni lipi?"

Mwalimu akajibu kwa Kichagga. Chake, cha Mwika. "Ni lile lililoko nyuma ya ghala."

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Sauti ilitoka nyuma, walikosimama wanaume. Mume wake alikuwa amevua kofia. Alisema, "Nililichimba mimi. Niliambiwa nisafishe, nikasafisha." Alisema hivyo tu, kama anayejibu jina lake darasani, akaivaa kofia yake tena, kisha akaivua.

Wapo wanaosema leo kwamba Mwalimu alimtoa mume wake sadaka ili ajulikane. Mimi nilikuwepo. Niliuona uso wa Mwalimu pale mume wake aliposema yale maneno. Hakuwa amemtaja na hakukusudia kumtaja. Nafikiri alidhani watu watauliza habari za viongozi wa chama, za nani aliyeamuru. Katika hilo hakuwajua watu, au aliwajua kama anavyowajua mwalimu, ambaye amezoea kwamba swali likiulizwa vizuri litajibiwa.

Maofisa walikuja. Walilitazama ghala, wakachota maji ya chemchemi kwenye chupa ya soda, wakaondoka nayo. Hakuna aliyerudi na jibu. Mwalimu aliwafuata mjini, mlango huu mpaka ule, na kote aliambiwa majibu bado. Viongozi wa chama walisema hawakumwagiza mtu achimbe shimo lolote. Serikali ya kijiji ikaifunga chemchemi kwa matawi ya miiba, na kuanzia hapo wanawake wote wa upande ule wakawa wanashuka bondeni na kupanda na ndoo vichwani, wajawazito, wazee, wanafunzi kabla ya shule. Kila hatua ya kupanda walikuwa na mtu wa kumlaumu.

Mume hakupigwa na mtu. Hawakumsalimia tu. Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, mahali ambapo kata moja huzunguka toka mkono hadi mkono, kata ilimruka. Mimba ya fulani ikiharibika, ni yeye. Ng'ombe wa fulani akifa, ni yeye. Mtoto akiwa na vipele, mama yake alimpitisha mbele ya nyumba ile makusudi. Ng'ombe wake aliendelea kumlisha, ila sasa alikata majani alfajiri, njia ikiwa tupu. Mpangaji wa ghala alighairi. Halikufunguliwa tena, na mtu ambaye alikuwa amekaa mlangoni mwake miaka yote hakuwa na mahali pa kukaa mchana. Akaanza kushuka huko chini kwa wauza gongo, wasiomjua. Ugonjwa wa ini ukamshika. Tulimzika kabla sijamaliza kidato cha nne, kwenye migomba yake, baada ya wazee kubishana kama azikwe pale au la. Mwalimu alisimama kando ya kaburi na watoto, hakulia, na hilo nalo likasemwa.

Kwetu kuna mmea uitwao isale. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huwezi kumkatalia msamaha. Baada ya matanga Mwalimu alilichuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akamwendea mama mkwe wake, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Bibi alilipokea. Alilishika muda mrefu.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa uende."

Akaenda. Alipata uhamisho wa shule ya mjini, akapanga chumba Majengo, baadaye viwili, kwa familia moja ya Kiislamu yenye karakana ya masanduku ya bati. Watoto aliwasomesha na kuwakuza pale. Nilipokuwa likizo nilipita kumsalimia, na nilipoajiriwa kwenye maabara ya maji hapohapo Moshi nilipita mara nyingi zaidi. Nilichagua kazi hiyo kwa sababu yake. Nilipomwambia, alisema, "Mshahara ni mdogo."

Hakuzungumzia Kibosho isipokuwa nikianza mimi. Alikuwa amepungua. Sauti yake ya kuimba ilikuwa imekatika katikati, nyimbo zile akizijaribu zilimfika kooni tu. Siku moja nilimwuliza kama anajuta. Alifikiri kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa njia.

"Ningemwambia kwanza," alisema. "Ile Jumamosi. Ningemwambia, kesho nitaonyesha. Angepata usiku mmoja wa kujiandaa."

"Angekuzuia."

"Asingenizuia. Hukumjua. Angenibebea sanduku."

Miaka ikapita, mama mkwe akafa, Mwalimu akastaafu. Vijana wa kijiji, waliokuwa watoto au hawajazaliwa wakati ule, walikuja ofisini kwetu. Bomba walilowekewa lilikuwa kavu wakati wote wa kiangazi, na wao walitaka kuifungua chemchemi ya babu zao. Mkuu wangu alinituma mimi kwa kuwa napajua. Niliondoa miiba kwa mikono. Maji yalikuwa yakitoka vilevile, wala hayakuwa yamengojea mtu. Nilichukua sampuli mwanzo wa masika na nyingine mwisho wake, nikapima nilivyoweza kupima, na vile visivyopimika kwetu nikavipeleka Dar.

Majibu yalipotimia nilikwenda Majengo mchana wa siku hiyohiyo. Kwenye karakana walikuwa wakigonga bati, na ilibidi nibishe hodi mara kadhaa. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu imevimba, ameiegesha juu ya kigoda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango, kelele hizo."

Nilifunga, nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa njiani na nilikuwa nimesahau yote.

"Tumeipima chemchemi," nikasema. "Mwanzo wa masika na mwisho wake. Hakuna kitu."

"Hakuna kidogo, au hakuna?"

"Hakuna kabisa. Maji ni mazuri, Mwalimu. Ni mazuri kuliko ya bomba."

Alinyoosha kitambaa cha kitanda kwa kiganja, akakinyoosha tena mahali palepale. Kule nje bati liliendelea kugongwa.

"Hakuna sasa," akasema, "au hakukuwepo?"

Ni yeye aliyenifundisha kutosema ninachodhani. "Hatuwezi kujua," nilimwambia. "Inawezekana ilipita, ikaisha. Inawezekana ile harufu ilikuwa yote. Inawezekana haikufika. Ile chupa ya wakati ule hakuna anayejua ilikokwenda."

"Haikufika," akarudia, kwa sauti ndogo, si kama anauliza. Nilitazama chini. Nilijua yuko wapi: yuko uwanjani mwa shule, na mtu ameshika kofia.

Alipoinua uso macho yalikuwa makavu.

"Umeshawaambia?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Wanashuka bondeni mpaka leo?"

"Bomba likikauka, ndiyo. Leo asubuhi nimewaona wakipanda."

"Basi usikae. Nenda ukawaambie wanywe." Alikuwa ameanza kunisukuma begani kwa vidole, kama alivyokuwa akitusukuma kurudi kwenye sanduku. Nikasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena.

"Usiwaambie umetoka kwangu," akasema. "Hawatayanywa."